Seti ya mbao ya Sabato kwa watoto wadogo: uzoefu wangu

Kama una mtoto wa miaka miwili mpaka sita na nyumba yenu inashika Sabato ya Kiyahudi, inayoingia Ijumaa jioni na kutoka Jumamosi usiku, nunua seti ya mbao ya kuchezea vyombo vya Sabato, isiyo na betri. Maduka yamejaa seti za plastiki ambazo mishumaa yake huwaka taa na kuimba ukibonyeza. Jumatano mtoto anaifurahia. Ijumaa jua likishazama, kitu cha umeme hakiwashwi wala hakizimwi, kwa hiyo mchezo wa Sabato ndio wa kwanza kufichwa kabatini. Mtoto anaionaje siku inayoanza kwa kunyang'anywa?

Yetu ina vinara viwili na mishumaa yake, kikombe cha kidushi (baraka ya Sabato inayosomwa juu ya divai), mikate miwili ya chala, yaani mkate wa Sabato, iliyochongwa kama nywele za kusuka, kitambaa cha kuifunika, na kisanduku cha sadaka chenye tundu la sarafu. Mbao imeachwa na rangi yake, ila ukingo wa kikombe una buluu iliyopoa. Ni nzuri, na kwangu uzuri huo una uzito. Tunaishi kwenye fleti Toronto, sebule ndiyo uwanja wa michezo, na vitu vya watoto ndivyo mgeni anavyoviona kwanza. Seti hii inakaa rafu ya chini, chini ya vinara vya fedha vya nyanya yake mume wangu, na vinapendezana.

Kilichonishinda kukitabiri ni jinsi ingetufaa wakati wa kiangazi. Mimi mzaliwa wa Mombasa, ambako mwaka mzima jua linazama baada ya saa 12 jioni, likicheza kama nusu saa tu. Huku, Desemba linazama kabla ya saa 11 jioni, na mishumaa tunaiwasha dakika 18 kabla yake. Juni hilo hilo jua linangoja saa 3 usiku. Zipo jumuiya zinazoingiza Sabato mapema ili watoto wasikose, lakini baba watoto hutoka kazini akiwa amechelewa, na kumweka macho mtoto wa miaka miwili hadi saa hizo ni kumtesa. Basi wanangu wanafanya Sabato yao ya mchezo zuliani kabla ya kuoga. Binti anajifunika macho kwa viganja, kama tufanyavyo tukibariki mishumaa, na kuchungulia katikati ya vidole. Mdogo wake anashika kikombe kwa mikono miwili asimwage kitu, na ndani hamna kitu. Kisha wanambariki mwanasesere kwa baraka ya mabinti: awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kaka mtu akidai zamu yake, dada anamwekea mkono kichwani na kumtajia Efraimu na Manase, baraka ya wavulana, vile vile baba yao anavyofanya mezani. Sijawafundisha hata moja kati ya hayo kwa kuwakalisha chini. Wameyaokota kwa kuwa wana vyombo vya kuyafanyia.

Kasoro zipo. Buluu ya kikombe ilianza kubanduka mapema, na kikombe ndicho kinachoingia mdomoni kuliko vyote. Nilikisugua kwa msasa mpaka rangi ikaisha. Kitambaa cha chala ni cha nailoni, kinateleza na hakinyonyi maji. Nimekata kipande cha leso aliyonitumia mama, nikakipinda ukingo, na sasa kinafuliwa kila wiki bila kuchuja. Jambo la kuangaliwa zaidi ni sarafu za mbao zinazokuja na kisanduku. Kipimo kinachotumika Marekani kwa vitu vya watoto walio chini ya miaka 3 ni silinda yenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia chote humo kinaweza kumkaba. Hizi zinaingia. Nimeziondoa, na Ijumaa kabla ya kuwasha mishumaa kila mtoto anapewa sarafu ya kweli, tukiwa tumewasimamia, aitie kwenye kisanduku cha kweli. Sabato ikiingia, pesa haziguswi tena.

Kuna seti nyingine tuliyoletewa zawadi, ya bei kubwa zaidi, yenye trei iliyoandikwa baraka nzima kwa Kiebrania, pamoja na jina la Mungu. Kwa macho inavutia. Lakini chombo chenye jina hilo hakitupwi takatakani kikivunjika, kinahifadhiwa kwenye geniza, ghala la maandiko matakatifu yaliyochakaa, na baadaye kuzikwa, wala si cha kuburutwa mpaka chooni na mtoto anayetembea na kila kitu. Nimeiweka juu mpaka wakue. Chagua iliyoandikwa "Shabat shalom" tu, salamu ya Sabato njema.

Vipande vya havdala, ibada ya kuiaga Sabato Jumamosi usiku, huuzwa kando, na ningewashauri msiviache. Kwetu ni mshumaa wa kusokotwa na kijisanduku cha viungo chenye vitundu. Nimekijaza karafuu za Pemba na kukigundisha kifuniko kwa gundi, kwa hiyo watoto wananusa bila kuzifikia. Majira ya baridi nyota tatu, ishara kwamba Sabato imetoka, zinaonekana mapema, nao wako macho kabisa, wanasimama na vya kwao kando yetu tukishika vya kweli. Gharama ya ziada ilikuwa ndogo, na hiki kijisanduku cha viungo ndicho kinachogombaniwa kuliko vingine vyote, kwa hiyo mwenye watoto wawili anunue viwili.