Uzoefu wangu: kiangazi London, tiketi ya kusimama Shakespeare's Globe

Ukiniuliza ni pesa gani niliyoitumia vizuri kuliko zote kiangazi cha 2025 hapa London, nitakutajia tiketi mbili za kusimama Shakespeare's Globe, jumba la michezo ya kuigiza. Za kusimama, si za kukaa. Nasisitiza hilo kwa sababu kila niliyemwambia kwamba nilimpeleka shangazi yangu wa miaka 61, aliyetoka Tanga kuja kunitembelea, akasimame zaidi ya saa mbili, alinitazama kama mtu niliyemvunjia heshima mkubwa wangu.

Niwaeleze kwanza palivyo. Ni jumba la mbao la mviringo, ukingo wa kusini wa mto Thames, ng'ambo ya kanisa kuu la St Paul's. Kuta zake nyeupe, nguzo na boriti ni za mwaloni zilizoungwa kwa vigingi vya mti, na juu limeezekwa kwa matete. Shangazi alipoliona tu akasema, "Kumbe na huku wanaezeka makuti!" Ndilo paa la kwanza la aina hiyo kuruhusiwa London tangu ule moto mkubwa wa 1666. Woga wao wa paa kama hili una sababu: Globe ya awali, ya enzi za Shakespeare mwenyewe, iliyojengwa 1599, iliteketea 1613 pale mzinga uliofyatuliwa katikati ya mchezo uliporusha cheche paani. Hili la sasa lilifunguliwa 1997, hatua chache kutoka pale pa zamani. Mwigizaji Mmarekani, Sam Wanamaker, ndiye aliyelihangaikia kwa miaka mingi, akafariki 1993 kabla halijakamilika. Naumia kila nikikumbuka hilo.

Matete yale yanafunika jukwaa na ghorofa tatu za mabenchi zinazozunguka. Katikati ni wazi, unaona mbingu. Hapo ndipo uani, na hapo ndipo penye nafasi takriban 700 za watu wa kusimama. Kiangazi kile tiketi zake zilianzia pauni 5, wakati viti vizuri ghorofani viliweza kupita pauni 60. Nunueni moja kwa moja kwa wenye jumba. Mwaka juzi, kwa onyesho jingine kabisa, nilipitia kwa wakala fulani wa mtandaoni, nikaja kugundua nimelipa karibu mara mbili ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi.

Tulikwenda onyesho la saa nane mchana, tukafika mapema ili tupate pa kuegemea. Hilo ndilo jambo kubwa la kujua. Ukiwahi, unasimama ukigusa jukwaa lenyewe. Mbao zake zinanifika mimi kifuani, unaweka viwiko juu yake kama dirishani kwa jirani. Ukichelewa, utapata nafasi nyuma, na zile nguzo mbili kubwa za jukwaani zitakuwa zinakuficha hiki na kile.

Mchezo ulikuwa The Merry Wives of Windsor, kichekesho cha Shakespeare. Mzee Falstaff, mnene, mpenda pombe, mfuko umekauka, anawaandikia barua za mapenzi wake za watu wawili akinyemelea mali ya waume zao. Asichojua ni kwamba wanawake wale ni marafiki wa chanda na pete. Wanalinganisha barua, wanakuta ni maneno yale yale, jina tu ndilo limebadilishwa. Basi wanaanza kumwadhibu. Kiingereza chake ni kigumu, sitawadanganya, kwa hiyo nilimsimulia shangazi kisa chote ndani ya treni. Fanyeni hivyo hivyo, hamtapoteza utamu wowote.

Taa hazizimwi kwa sababu hakuna cha kuzima. Jua linalommulika mwigizaji ndilo linalokumulika wewe. Anakuona. Anapowaza kwa sauti, anakuuliza wewe, macho kwa macho, kisha anasubiri. Nilimwona mmoja jasho likimchuruzika nyuma ya sikio, na uzi umefumuka kwenye mkono wa koti lake, karibu kiasi kwamba ningeweza kuuvuta. Shangazi amekulia kwenye taarab, ambako msikilizaji hakai kama gogo. Akiguswa anainuka, anatunza, anajibu. Kwa hiyo mume mwenye wivu alipobisha, Falstaff akasokomezwa ndani ya tenga la nguo chafu apelekwe kumwagwa mtoni, shangazi alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi St Paul's. Watu wakageuka. Mwigizaji mmoja wa wale wanawake akasita, akamtafuta kwa macho, akamwinamia kichwa taratibu kama kumshukuru, halafu akaendelea. Mpaka leo nikikumbuka uso wa shangazi pale, koo linanibana.

Mapumziko yalipokaribia manyunyu yakaanza. Mwavuli haufunguliwi uani, maana utawakinga wa nyuma wasione, na mchezo hausimami kwa mvua. Beba koti lenye kofia. Kukaa chini onyesho likiendelea pia hakuruhusiwi, kwa hiyo viatu visiwe vya mapambo. Miguu yangu ilishika ganzi. Ya shangazi haikuniambia kitu. Nilipomwuliza kama tuondoke alinijibu, "Mwanangu, nimesimama ubaoni miaka thelathini. Nyamaza nisikilize."

Alikuwa mwalimu, nami nikajua baadaye kwamba shuleni alisoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Alidhani Shakespeare na Kiswahili viliishia hapo. Nikamweleza kwamba mwaka 2012, mwaka wa Olimpiki ya London, jumba hili lilialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37 tofauti, na mchezo uliopewa Kiswahili ulikuwa huu huu tulioutazama, ukiigizwa na kundi kutoka Kenya, kwenye mbao hizi hizi tulizoegemea. Akaupapasa ukingo wa jukwaa kwa kiganja. "Na hukunipigia simu?" Mwaka ule sikuwa hata nimefika Uingereza, lakini niliona haya kana kwamba kosa ni langu.

Msimu mkuu wa uani huanza majira ya kuchipua hadi Oktoba, kwa sababu ya baridi. Mkija na watoto wadogo fikirieni mabenchi, na mito ya kukalia hukodishwa. Watu wazima, kama magoti yanawaruhusu, simameni.

Tulirudi kwa miguu kupitia daraja la Millennium. Maji yalikuwa yamekupwa, tope la kingo linaonekana. Shangazi akasimama katikati ya daraja, akaegemea chuma, akatazama chini.

"Ule mto waliomtupa yule mzee ni huu?"

"Ndio huu, shangazi. Unashuka kutoka huko Windsor."

Akayatazama maji muda mrefu, akicheka peke yake.