Desa la Oedipus linalouzwa Moshi: nusu ya mbele nunua, nusu ya nyuma achana nayo

Linapatikana kwenye steshenari za karibu na stendi ya Moshi kwa shilingi 3,000: kurasa 32 za A4, fotokopi, zimebanwa pini pembeni. Mtungaji hakujitaja. Kwa anayejiandaa kuandika insha ya darasani kuhusu Mfalme Oedipus, tanzia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale, kurasa 16 za kwanza zinastahili hela hiyo. Zinazobaki zitamponza.

Kilicho bora ni jedwali la ukurasa wa 5, linalotenga yaliyotokea kabla ya tamthilia kuanza na yanayotokea jukwaani. Hapo ndipo wengi wanapochemsha. Laius, baba yake Oedipus, kuuawa njia panda, kitendawili cha Sphinx (dude lililoutesa mji wa Thebes), ndoa ya Oedipus na Jocasta, mama yake mzazi: yote yamekwisha kupita. Tamthilia inaanza na watu wa Thebes wakimlilia mfalme wao, Oedipus, kwa sababu ya tauni. Ukiandika kwamba "tunamwona Oedipus akimuua baba yake", mwalimu ameshajua hukusoma. Hata kifo cha Jocasta na Oedipus kujitoboa macho havionekani. Tunasimuliwa na mjumbe. Desa limelisema hili, ila kwa herufi ndogo chini kabisa, mahali wino umefifia.

Nukuu zipo 18, zimepangwa kwa wahusika. Sita fupi zinatosha insha nzima. Kasoro ni kwamba hazionyeshi nani anaambiwa wala katika tukio lipi, na nukuu isiyo na muktadha haithibitishi kitu. Jaza mwenyewe kwa penseli huku kitabu kikiwa wazi. Majina nayo: desa linaandika Oedipus, tafsiri ya Samuel Mushi inaitwa Mfalme Edipode. Chagua moja ulifuate mpaka nukta ya mwisho.

Kuanzia ukurasa wa 17 ni insha nne za kukariri, na zote zinasema jambo moja: kiburi kilimwangusha. Kiburi kipo, hakuna ubishi. Tazama anavyomtukana nabii kipofu Tiresias na kumsingizia shemeji yake Creon njama. Lakini mwalimu akiuliza kama Oedipus ana hatia, au kwa nini Jocasta anamsihi aache kuchunguza, insha ya kukariri haina jibu. Ung'ang'anizi uleule unaommaliza ndio unaoipatia Thebes mwuaji wa Laius inayemtafuta ili tauni iondoke. Desa halikuligusa hilo hata kwa sentensi moja.

Pengo kubwa zaidi ni yule mchungaji. Ndiye aliyenusurika siku Laius alipouawa, na alisema waliowavamia walikuwa majambazi wengi. Oedipus ananing'iniza matumaini yake yote hapo, maana mtu mmoja hawezi kuwa wengi, na ndiyo sababu anaagiza aletwe. Anapofika, swali hilo haulizwi kabisa! Mjumbe wa Korintho ameshaligeuza shauri kuwa la wazazi halisi wa Oedipus, na mchungaji huyohuyo ndiye aliyepewa Oedipus mchanga akamtupe mlimani, akamhurumia. Aya moja iliyoandikwa vizuri kuhusu hapo inabeba alama kuliko kurasa tatu za kiburi.

Ukurasa wa mwisho unashauri "anza kuandika mara moja". Usithubutu. Kwa vipindi viwili, yaani dakika 80, tenga 10 za kupanga: sentensi moja ya msimamo wako, hoja tatu, na chini ya kila hoja tukio na nukuu. Andika kwa dakika 60. Kumi za mwisho ni za kusoma upya, hasa kukagua majina na mfuatano wa matukio. Utangulizi usizidi sentensi nne; maisha ya Sophocles hayakuulizwa.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa 14. Nakala nyingine zina wa 14 mara mbili na wa 15 haupo, nao ndio wenye nukuu za Jocasta.