Fundi wa betri wa Mwanakwerekwe: kachelewa, lakini kazi kaijua

Umeme ulikatika alfajiri, friza limejaa pweza wa wateja, na jenereta inatoa ka-ka-ka tu. Hapa Jambiani, Zanzibar, sie tuliopitia ile miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009 mlio huo unatutoa jasho. Nikampigia fundi. Kasema saa mbili, kaja saa nne. Nampunguzia nyota moja.

Duka jingine lilishanambia ninunue betri mpya ya jenereta bila hata kuitazama iliyopo. Yeye kwanza kapima: volti 12.1, wakati betri iliyojaa huwa 12.6 hivi. Kasugua vichwa vilivyoota ukungu mweupe (hewa ya bahari nayo inachochea), kakaza nyaya, kapima tena huku nawasha. Ikashuka hadi 10, jenereta ikanguruma. Ingeshuka chini ya 9.6, kasema, hapo ndipo ningetafuta pesa ya betri.

Kisha kaifuata chaja inayotumia umeme wa ukutani: fyuzi imeungua! Kumbe betri ilikuwa haili kitu. Na fyuzi yenyewe haifiki bei ya kilo ya sukari.

Nauli ya kuja kanitoza, sikubisha. Pweza wote salama.