TAHADHARI: Seti za epoksi za kutengenezea vishikio vya funguo kwa vipuri vya kompyuta. Pima kabla hujamimina

Ndugu mnaotengeneza vishikio vya funguo kwa RAM mbovu, prosesa za zamani na vipande vya madabodi, someni hapa kabla hamjaagiza "seti kamili" mtandaoni. Kuna wauzaji wanaotuma kifurushi chenye chupa mbili za resini, moldi za silikoni, pete za chuma na mfuko wa vipuri, lakini kilichomo ndani ya chupa sicho kilichoandikwa nje. Mnunuzi anamimina, kesho yake kazi inanata, wiki inapita bado inanata. Akilalamika anaambiwa hakukoroga vizuri, naye anaamini na kununua seti nyingine kwa huyohuyo. Mara nyingi kosa si lake, na linaweza kuthibitishwa nyumbani kwa sindano isiyo na ncha na mizani ndogo ya kidijitali.

Kwanza tuelewane kuhusu epoksi yenyewe. Haikauki kama rangi kwa kupoteza maji au kiyeyusho. Inaganda kwa sababu molekuli za chupa A, yaani resini, zinashikana na za chupa B, yaani kigumishi, kwa uwiano maalumu uliopangwa na kiwanda. Zikizidi za upande mmoja, zile za ziada zinakosa wa kushikana nazo, na ndizo zinazobaki kuwa laini au za kunata. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ongeza B kidogo itakaza haraka", ama haijui bidhaa yake ama anajua na anakupoteza. B ya ziada haiharakishi chochote, inaharibu.

Utapeli ulioenea zaidi uko kwenye uwiano huo. Mtu ananunua resini kwenye madumu makubwa, anajaza vichupa, anabandika lebo yake. Dumu lilikuwa la uwiano wa 2:1, lakini vichupa viwili vya ukubwa mmoja vinapendeza zaidi kwenye picha, basi kadi inaandikwa 1:1. Ukifuata kadi hiyo umetia kigumishi mara mbili ya kinachotakiwa. Dalili zake ni chupa zisizo na namba ya bachi (namba ya mkupuo wa kiwandani) wala tarehe ya mwisho, kifuniko kisicho na muhuri, na lebo iliyobandikwa juu ya lebo nyingine. Ikwangue pembeni kwa ukucha, utaiona ya chini.

Kuna na lingine ambalo linawapata hata wazoefu. Kadi inasema "sawa kwa sawa, tumia mizani". Resini ya A ni nzito kuliko B: mililita 100 za A huwa karibu gramu 110 hadi 115, na za B mara nyingi karibu gramu 95 hadi 100. Bidhaa ya 1:1 kwa ujazo, ukiigeuza kuwa uzito, inakuwa karibu 100 kwa 85. Ukipima gramu 50 za A na gramu 50 za B, umezidisha kigumishi kwa zaidi ya asilimia 15. Kishikio kinatoka kwenye moldi kikiwa kinapindika kama raba, na tundu la pete linachanika baada ya muda mfupi mfukoni. Muuzaji anayeijua kazi yake anaandika uwiano wa ujazo na wa uzito, vyote viwili. Asiyeandika, muulize kabla ya kulipa. Akijibu "ni sawa tu", acha.

Utapeli wa pili ni kuchakachua A kwa asetoni au spiriti. Resini iliyochakachuliwa ni nyepesi, inamiminika vizuri, viputo vinapanda haraka, na kwenye video ya muuzaji inavutia sana. Baadaye kiyeyusho kinahitaji kutoka lakini kimefungiwa ndani, kazi inasinyaa na kuachana na kingo za bodi, na uso unabaki na mawimbi. Hapa ndipo sindano inapofanya kazi. Weka kikombe kwenye mizani yenye usahihi wa gramu 0.1, irudishe sifuri, vuta mililita 20 za A na uzimimine humo. Resini ya kawaida ya kazi hizi itasoma karibu gramu 22 hadi 23. Ikisoma 20 au chini yake, kuna kitu chepesi kimetiwa. Pia inuse kwa tahadhari, bila kuisogeza puani: A safi karibu haina harufu. Ikinuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, jibu unalo.

Harufu inakusaidia pia kukamata resini ya poliesta inayouzwa kwa jina la epoksi. Hiyo inanuka stairini, harufu kali inayojaa chumba kizima, na B yake ni kichupa kidogo kinachotiwa kwa asilimia 1 hadi 2 tu. Poliesta si takataka, ina kazi zake, lakini ni dhaifu zaidi kwa kitu kinachoangushwa kila siku, inasinyaa zaidi inapoganda, na kichocheo chake ni peroksaidi inayoweza kuunguza macho vibaya. Mtu aliyenunua akidhani ni epoksi hakujiandaa kwa hayo, na ndiyo maana udanganyifu huu unaniudhi kuliko mwingine.

Utapeli mwingine ni resini ya UV, ile inayogandishwa kwa mwanga. Inauzwa kama "epoksi inayoganda kwa dakika 2", pamoja na katochi ka zambarau. Kwa ua lililokaushwa au picha nyembamba inafaa, ila kwa vipuri vya kompyuta ni tatizo tupu, kwa sababu mwanga haupiti ndani ya chipu nyeusi wala ubao wa kijani. Juu inakuwa ngumu na inang'aa, huku chini ya chipu na ndani ya matundu ya bodi ikibaki maji. Wiki kadhaa baadaye inaanza kuvuja pembeni kwenye mikono ya mtu, na resini mbichi ni hatari kwa ngozi. Kipimo chake ni rahisi: dondosha tone la chupa moja, bila kuchanganya na chochote, juu ya plastiki inayopitisha mwanga, uliweke juani kwa dakika 10. Likiganda, hiyo ni ya UV. A ya epoksi peke yake haigandi juani hata siku nzima.

Sasa kipimo cha kikombe, ambacho ningependa kila mmoja akifanye kwa kila chupa mpya kabla ya kuzamisha kipuri chochote. Chukua mililita 10 za A na 10 za B (au kwa uwiano uliothibitishwa), koroga polepole dakika 3 hadi 5 ukikwangua kuta na sakafu ya kikombe, kisha hamishia kwenye kikombe cha pili kisafi na ukoroge dakika 1 zaidi. Hatua ya kuhamisha usiiruke, kwa maana resini iliyobaki kutani bila kuchanganyika ndiyo inayoacha madoa ya kunata. Mimina tabaka la milimita 5 kwenye moldi, iache kwenye joto la nyuzi 22 hadi 25 kwa saa 24. Ukucha usiache alama ya kudumu. Baada ya saa 72 ukiigonga mezani itoe sauti kavu.

Angalia: usifanye kipimo hiki kwa kikombe kilichojaa. Epoksi inatoa joto inapoganda, na joto hilo linaharakisha kuganda kwenyewe. Mililita 100 zikikaa pamoja kikombeni zinaweza kuchemka, kutoa moshi na kupasua kikombe, ilhali zilezile zikitandazwa nyembamba zinachukua usiku mzima. Wauzaji wanalijua hili. Video ya "angalia inavyokaza chini ya saa moja" hupigwa kwenye kikombe kinene, halafu wewe unamimina kishikio chembamba na kushangaa.

Haki lakini itendeke. Yapo mambo ambayo si kosa la muuzaji. A ikiwa nyeupe au ina chembechembe chini, mara nyingi imepatwa na baridi tu. Iweke chupa kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60 hadi iwe safi, iache ipoe, itumie. Uso ukiwa na utando wa mafuta chumba kilipokuwa na unyevu, oshea maji ya uvuguvugu na sabuni. Viputo vinavyotoka chini ya chipu ni hewa ya kwenye matundu ya bodi: safisha bodi kwa alikoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke kabisa, ipake resini nyembamba kwa brashi kwanza, ndipo umimine tabaka kubwa ile ya kwanza ikianza kushika. Na B kugeuka njano kidogo baada ya kufunguliwa ni kawaida. Anayeahidi kwamba kazi "haitageuka njano milele" ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa epoksi hizi zote hugeuka njano zikikaa juani. Dawa zinazotiwa kiwandani zinachelewesha tu.

Tuje kwenye mfuko wa vipuri, na hapa hasara si ya pesa peke yake. Picha ya tangazo ina prosesa za seramiki zenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Unacholetewa ni vipande vya bodi ya pawa saplai. Hilo linauma, lakini kibaya zaidi ni vitu vinavyoachwa humo. Kagua betri ya duara, CR2032, yenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2. Ni ya lithiamu, volti 3, na hata ikionekana imekufa isizamishwe. Ikigusana na shaba ya bodi inaweka shoti, na ukishaifungia ndani huwezi kuitoa tena. Kishikio kinashikwa na watoto, kinawekwa mfukoni, kinakaa kwenye gari lenye joto. Itoe. Kapasita za mikebe nazo zitoe, zina majimaji ndani na hutoa viputo visivyoisha resini inapopata joto.

Bodi "zilizokatwa tayari" zinazokuja na unga mweupe mfukoni zifungue nje, ukiwa na barakoa ya FFP2 au N95. Unga huo ni nyuzi za kioo. Kama utakata mwenyewe, loweka na ukate kwa mkasi wa bati au msumeno wa meno madogo, na msasa upigwe ukiwa na maji. Bodi za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia madini ya risasi kwenye vifaa vya elektroniki, kwa kawaida zina risasi kwenye lehemu. Usizipige msasa upande wa lehemu, na nawa mikono kabla ya kula.

Kuhusu "dhahabu halisi" wanayoitoza pesa: meno ya RAM, yaani vile vipande vya kugusia vilivyo ukingoni, kweli yamepakwa dhahabu, lakini tabaka hilo kwa kawaida halifiki hata maikromita 1. Hakuna thamani ya kukuongezea bei. Na wengine wanatuma plastiki iliyopakwa rangi. RAM halisi ukiitazama ubavuni utaona matabaka ya ubao, na ina meno pande zote mbili. RAM ya aina ya DDR3 ya kompyuta ya mezani ina urefu wa milimita 133.35 na meno 240. Ya laptopu ina milimita 67.6 na meno 204. Pima moldi pia, maana seti nyingi zinakuja na moldi ya milimita 60 pamoja na RAM ya laptopu isiyoweza kuingia humo.

Pete ni jambo dogo. Waya chini ya milimita 1 unafunguka, tupa ununue nyingine. Toboa tundu la milimita 2.5 likiwa angalau milimita 4 kutoka ukingoni, na achana na viskrubu vya kichwa cha duara vinavyogundishwa juu, vinang'oka.

Kama tayari umepigwa, usijaribu kuiokoa resini ya kunata kwa kuipaka B juu. Vaa glavu za nitrili, kwangua iliyo laini, futa kipuri kwa isopropili, na kama ni uso tu unaonata, paka tabaka jipya la resini uliyoithibitisha. Resini mbichi ikigusa ngozi osha kwa sabuni na maji, si asetoni, kwa sababu asetoni huiingiza ngozini zaidi. Mzio wa epoksi ukishakupata haukuachi, na wapo mafundi walioiacha kazi kwa sababu hiyo. Mabaki ya resini ambayo bado ni majimaji yasimwagwe sinkini.

Kwa ushahidi, piga video ukifungua kifurushi bila kuikata, picha ya lebo na muhuri, picha ya mizani ikisoma uzito wa mililita 20, na picha ya kipande cha majaribio baada ya saa 72 kikiwa na alama ya ukucha. Malalamiko yaandike ndani ya jukwaa ulikonunulia. Muuzaji atakuomba mhamie kwenye meseji za pembeni, akuahidi chupa ya bure ukifuta maoni yako. Kataa yote mawili, na uombe karatasi ya taarifa za usalama ya bidhaa pamoja na namba ya bachi. Aliyejaza vichupa kutoka dumu asilolijua hataweza kuitoa, na kukosekana kwake kuambatanishe kwenye dai lako la kurudishiwa pesa.