Holda za kubadilisha haraka kwenye lezi, mafundi wa Kigoma zichukueni

Wakuu, hapa Kigoma kazi kubwa kwetu kwenye lezi, ile mashine ya kuchonga chuma kikiwa kinazunguka, ni shafti za boti, na ile posti (kishikilia visu) ya zamani ya visu vinne ilikuwa inatuchosha sana, kila kisu unakichomekea vipande vya bati chini mpaka kifike senta, yaani usawa wa katikati ya kazi. Hii posti mpya ya kubadilisha haraka, holda yenye kisu unaitelezesha kwenye posti, unavuta mkono wa posti, imekaza, urefu unaseti kwa nati ya juu na ukiirudisha kesho inakaa palepale. Kwa kweli naipenda.

Kununua, chagua posti inayokaza holda kwa kabari siyo kwa pistoni, kabari inabana vizuri zaidi hata ukikata kwa nguvu. Saizi nayo angalia, posti ya saizi BXA ni ya lezi zenye swingi (upana wa kazi kubwa kabisa inayoweza kuzunguka) ya inchi 10 mpaka 15, ukichukua kubwa kupita kiasi kisu hakishuki mpaka senta. Bei imechangamka ila inalipa.

Halafu jamani glavu vueni mashine ikizunguka, nyuzi za chuma zitoeni kwa ndoano mashine ikiwa imesimama, na kile kifunguo cha chaki, ile inayobana kazi kwenye lezi, mkono usikiachie kikiwa bado kwenye chaki, maana ukiwasha kinaruka usoni kwa mtu.