Uzoefu wangu na darubini ya zamani yenye kompyuta: umeme kwanza, bodi baadaye

Ninayoitathmini ni darubini ya inchi 8 (milimita 203) iliyoshikiliwa na mikono miwili ya kitako chake, mmoja kila upande, yenye mota mbili na rimoti ya waya inayoitafuta nyota yenyewe. Inatumia volti 12 za umeme mnyoofu, na chini ya kitako ina nafasi ya betri 8. Kwa upande wa vioo naipa 5 kati ya 5, sina la kuongeza. Kwa upande wa umeme naipa 2 kama ilivyotoka kiwandani, na 4 baada ya marekebisho nitakayoyaeleza.

Dalili zake wanaomiliki mashine za rika hili wanazijua. Rimoti inazima na kuwaka upya mara tu darubini inapoanza kuzunguka kwa kasi. Maandishi kwenye kioo cha rimoti yanageuka vikorokoro. Mota moja inakimbia bila kuamriwa, au rimoti inalalamika kwamba mota haijibu. Wengi wakiyaona haya wanaihukumu bodi kuu, yaani kibao chenye saketi za kompyuta, na kuanza kutafuta nyingine, ambayo kwa mashine ya zamani ni nadra kama maziwa ya kuku. Mimi naanzia kwenye betri nikifuata waya kuelekea ndani, na mara nyingi tatizo hulikuta kabla sijafungua skrubu hata moja ya kitako.

Inapofuata nyota polepole, darubini hii inakula kama ampea 0.3. Ikizungusha mota zote mbili kwa kasi ya juu inafika 1.5, na pale mota zinapoanza kutoka kwenye kusimama zinavuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi sana. Muda huo mfupi ndio unaoangusha kila kitu. Mita ya kawaida ya kupimia umeme husoma mara 2 au 3 tu kwa sekunde, kwa hiyo ikikuonyesha volti 10.5 darubini inapoondoka, huenda kwa sehemu ndogo ya sekunde zilishuka hadi chini ya 7 na mita haikuona. Saketi ya kompyuta inalishwa na regyuleta ya volti 5 aina ya 7805, kipande kinachozishusha volti 12 na kuzishikilia kwenye 5, nayo inahitaji kama volti 7 upande wa kuingilia ili itoe 5 kamili. Ikikosa hizo, prosesa inaanza upya. Kama mita yako ina kitufe cha kushika kipimo cha chini kabisa, kitumie. Huwezi kuwinda hitilafu hii kwa kukodolea macho namba zinazoruka.

Kosa ninaloliona zaidi ni kupima betri ikiwa imepumzika. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma karibu 12.7, ikibaki nusu ni kama 12.2, na ikifika 11.8 hesabu imekwisha. Lakini betri iliyochoka inaweza kukuonyesha 12.6 safi kabisa, kisha ikaporomoka ukiipa mzigo. Mzigo ninaotumia mimi ni taa ya breki ya gari ya volti 12, wati 21. Inakula ampea 1.75, karibu sawa na darubini inayokimbia, na haiogopi kitu. Nimeilehemu kwenye soketi inayopokea plagi ile ile ya darubini. Nachomeka taa mahali pa darubini, naiacha dakika 5, kisha napima sehemu mbili: kwenye vichwa vya betri, halafu kwenye mwisho wa waya taa ikiwa bado inawaka. Betri ikishuka chini ya 12 ndani ya dakika hizo ilhali ilijazwa chaji, ni mzee. Ikisimama imara lakini mwisho wa waya ukasoma chini kwa zaidi ya volti 0.5, basi wa kulaumiwa ni waya au viungo vyake.

Hesabu ya waya ni rahisi na watu huikwepa bila sababu. Shaba ina ukinzani wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita mraba 1. Waya wa mita 5 una safari ya mita 10, kwenda na kurudi. Ukiwa na unene wa milimita mraba 0.2, kama nyaya nyingi nyembamba zinazokuja na adapta, ukinzani ni omu 0.875, na kwa ampea 2 unapoteza volti 1.75 njiani. Kwa 0.5 unapoteza 0.7. Kwa 1.5 unapoteza chini ya robo ya volti. Kwa hiyo mimi natumia 1.5 na naukata uwe mfupi, mita 2 zinatosha, kisha betri naiweka chini ya miguu ya darubini. Plagi ya kiberiti cha gari, ile ya upande wa betri, nimeikata na kuitupa. Ile springi ya ncha yake, fyuzi iliyojificha ndani na mabati ya pembeni ni viungo vitatu vya mashaka kwa kazi ya kiungo kimoja.

Sasa plagi ya darubini yenyewe, ambayo kwangu ndiyo mhalifu namba moja. Ni ile ya duara yenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5, na soketi ina pini ya milimita 2.1. Kuna plagi nyingine inayofanana nayo kama pacha, kipenyo cha nje hicho hicho, lakini tundu lake ni la pini ya 2.5. Inaingia vizuri, darubini inawaka, na kila kitu kinaonekana sawa hadi mkono wa darubini uguse waya. Tundu ni pana kuliko pini, kwa hiyo inagusa upande mmoja tu. Darubini inapozunguka inauvuta waya kidogo, mguso unakatika kwa kufumba na kufumbua, na rimoti inaanza upya. Mtu anaapa kwamba tatizo ni mota kwa sababu linatokea wakati wa kuzunguka tu. Kulithibitisha ni kazi ya dakika moja: washa, usiiamrishe izunguke, kisha itikise plagi kwa kidole taratibu pande zote. Rimoti ikipepesa, umeshapata.

Plagi ikiwa ni ya 2.1 na bado inalegea, pini ya soketi imechakaa au imeota kutu. Isafishe kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, umeme ukiwa umezimwa. Pini nyingi zimepasuliwa katikati, na ukiutumbukiza wembe mwembamba kwenye ufa na kuupanua kidogo sana mguso unarudi, ila hiyo ni dawa ya kutuliza tu. Tiba niliyoichagua ni kuing'oa soketi na kuweka ya kufunga kwa nati, aina ya GX12 yenye pini 2, inayohitaji tundu la milimita 12. Haivutiki na haichomeki kinyume. Nikiambiwa nichague rekebisho moja tu kati ya yote, ni hili.

Hapo hapo ulipo, pima pia swichi ya kuwashia. Weka mita kwenye volti, ncha moja kila upande wa swichi, darubini ikiwa inazunguka. Swichi nzima inaonyesha karibu sifuri. Yangu ilionyesha volti 0.3, maana yake mabati ya ndani yameungua, nayo inabadilishwa, haisafishwi.

Kuhusu betri za ndani: betri 8 za kawaida za volti 1.5 zinatoa 12 zikiwa mpya kabisa, lakini ukinzani wao wa ndani ni mkubwa na hazistahimili mizunguko mingi ya kasi. Za kuchajiwa za nikeli ni volti 1.2 kila moja, jumla 9.6, unaanza ukiwa tayari umepungukiwa. Naziona kama za dharura. Kama zilivuja, ule unga mweupe ni wa asili ya magadi, kwa hiyo pamba yenye siki inauyeyusha. Maliza kwa spiriti na uache pakauke.

Adapta za ukutani zina mtego wao. Zile nzito za kizamani zenye transfoma, zisizo na udhibiti wa volti, zimeandikwa 12 lakini bila mzigo zinatoa hata 16 au 17. Usichomeke kabla ya kupima. Ninayoitumia ndani ya nyumba ni ya kisasa, 12 zilizodhibitiwa, ampea 5. Ampea nyingi haziidhuru darubini, inachukua inachohitaji tu. Soma pia kibandiko cha kitako, kwa sababu zipo darubini kubwa za zamani zinazotaka volti 18. Na hakikisha chanya iko katikati ya plagi kama mchoro unavyoonyesha. Usitegemee kwamba ndani kuna dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kukuokoa.

Waya wa rimoti, ule uliosokotwa kama wa simu ya mezani, hukatika kwa ndani karibu na plagi na huku nje ukionekana mpya. Pima kila uzi kwa omu huku ukiukunja. Uzi mzima unasoma chini ya omu 1 na namba haichezi. Usiweke waya wa simu kama mbadala kabla ya kulinganisha mpangilio wa nyuzi. Nyaya nyingi za simu zimegeuzwa, uzi wa kwanza unatokea mwisho upande wa pili, na hapo unaweza kuunguza rimoti kwa sekunde moja.

Ikiwa haya yote ni mazima, ndipo nafungua kitako. Toa betri zote kwanza. Cha kutazama mwanzo ni kapasita, vipande vidogo vinavyohifadhi chaji, zilizo karibu na soketi ya umeme: za alumini zilizovimba kichwa au kutokwa maji, na za tantalamu, zile ndogo zenye umbo la tone, zilizopasuka au kuungua. Tantalamu ikifa mara nyingi hupiga shoti, na kwenye njia ya volti 12 hiyo ni moshi. Baadhi ya bodi za zamani zilifungwa tantalamu za volti 16 mahali ambapo mimi nisingeweka chini ya 25, na napendelea 35. Angalia sana unapobadilisha: kwenye alumini mstari unaonyesha mguu wa hasi, kwenye tantalamu mstari unaonyesha chanya. Wanaozoea moja huifunga nyingine kinyume, na kapasita mpya inalipuka.

Kisha regyuleta. Ukiitazama maandishi yake yakikuelekea, miguu ikiwa chini, wa kushoto ni wa kuingilia, wa kati ni wa hasi, wa kulia unatoa 5. Kati ya 4.8 na 5.2 ni sawa. Kuwa na joto ni kawaida yake, maana inageuza volti 7 zilizozidi kuwa joto. Kwa ampea 0.3 hizo ni wati 2.1. Ila ikichoma kidole huku ikitoa 4, ama imechoka ama kuna kitu mbele yake kinachovuta kupita kiasi.

Unapoiwasha mara ya kwanza baada ya kulehemu, ifunge ile taa ya wati 21 kwa mfululizo kwenye waya wa chanya. Kukiwa na shoti taa inawaka kwa nguvu na bodi inapona. Ikibaki giza au ikimeremeta kidogo tu, itoe na uendelee. Usijaribu kuzungusha mota taa ikiwa bado njiani, itakudanganya.

Si kila njaa ya umeme inaanzia kwenye umeme. Pima ampea wakati wa kuzunguka: ikiwa mota moja inavuta mara mbili ya mwenzake, grisi imeganda au gia ya skrubu imebanwa mno. Baridi inakaza grisi na wakati huo huo inaipunguzia betri uwezo, ndiyo maana darubini inayofanya kazi sebuleni inagoma nje usiku. Kupunguza kasi ya mzunguko hadi nusu kwenye menyu kunasaidia papo hapo. Kipasha joto cha kuzuia umande kipe betri yake, maana kinawaka na kuzima kwa mapigo na kinakula kuliko darubini.

Ikiwa darubini inawaka vizuri lakini inasahau tarehe na kuikosa nyota kwa mbali, usitafute huku. Baadhi ya mashine hizi zina betri ya kidonge, mara nyingi CR2032 ya volti 3, inayotunza saa. Badilisha, weka tarehe na mahali upya, basi.

Betri niliyobaki nayo ni ya lithiamu ya fosfati ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 12. Wastani wa matumizi ni ampea 0.5, saa 8 ni ampea-saa 4, kwa hiyo usiku mzima haifiki nusu. Ya risasi ya ampea-saa 7 ingebidi niitumie hadi 3.5 tu ili isife mapema, na hapo hesabu haitoshi. Ikitoka kwenye chaja moja kwa moja inaweza kusoma zaidi ya 14, kwa hiyo naiacha itulie kwanza, na kama kibandiko cha darubini yako kina kikomo, kiheshimu. Karibu kabisa na kichwa cha chanya weka fyuzi ya ampea 3 isiyo ya haraka, yaani inayovumilia ule mvuto mfupi wa mota, kwa sababu betri hii ikipiga shoti inaweza kuyeyusha waya.

Alama 1 niliyoizuia ni ya rimoti: waya wake bado unategemea kile kiplagi cha plastiki, na sijapata namna nzuri ya kukibadilisha bila kutoboa ganda. Anayenunua mashine kama hii ya mtumba aende na mita na ile taa ya breki. Aombe mota zote mbili zizungushwe kwa kasi ya juu kwa pamoja, duara zima kwenda na duara zima kurudi, huku plagi ikitikiswa. Muuzaji akisema inatosha kuona rimoti imewaka, bei ihesabiwe kama ya vioo peke yake.