Kozi ya mabomba ya gesi: masomo mazuri, mkufunzi mkuu hapana

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya misingi ya usafirishaji wa gesi asilia na bado nina hasira. Idadi ya masomo na habari za cheti mtazikuta kwenye tangazo lao. Mimi naandika kwa sababu ya kipindi kimoja cha maswali.

Mwanafunzi mwenzetu aliuliza, kwa adabu kabisa: bomba kuu likivuja huko porini, mpita njia atasikia harufu? Siku ile hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko hilo. Mkufunzi mkuu akacheka: "Ndugu yangu, gesi gani isiyonuka? Tusipotezeane muda." Mwenzetu akaomba afafanuliwe, akazimiwa maikrofoni.

Jamani! Gesi asilia sehemu kubwa ni methani, na methani haina harufu. Ile harufu ya yai viza ni ya kemikali inayotiwa makusudi, na mara nyingi hutiwa pale gesi inapoingia kwenye mtandao wa kusambazia mjini. Kwa hiyo kwenye bomba kuu unaweza kusimama juu ya uvujaji na pua isikuambie kitu. Dalili ni nyingine: sauti ya kufoka, vumbi linalorushwa juu, mapovu kwenye dimbwi, majani yaliyokauka katikati ya majani mabichi. Wala haya sikuyatafuta mbali, yamo kwenye somo la usalama la kozi hiyohiyo! Mtu hajasoma masomo yake mwenyewe, halafu anamkaripia anayeuliza.

Kinachoniuma ni kwamba masomo yaliyorekodiwa ni mazuri kwelikweli, hasa lile la vituo vya kompresa. Gesi ikisafiri husuguana na kuta za bomba na presha hushuka, ndiyo maana kila baada ya kilomita 65 hadi 160 hivi hujengwa kituo cha kuisukuma upya. Na mitambo ya vituo vingi huendeshwa kwa gesi hiyohiyo, inachotwa humohumo bombani. Dada anayefundisha somo hilo alieleza pia jinsi bomba lenyewe linavyogeuka ghala: usiku matumizi yakipungua gesi inashindiliwa zaidi, presha inapanda, na asubuhi watu wakiwasha majiko akiba ile ndiyo inayowatosheleza. Nililirudia somo lake kwa raha tu, hakuna aliyenilazimisha.

Kwa ajili yake nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota nne na kuwashauri mruke vipindi vya maswali. Pengine nne ilikuwa haki. Lakini juzi nimeingia tena, rekodi ya kipindi kile bado ipo, na jibu lile lipo vilevile, ingawa niliwaandikia kitambo nikiwaonyesha hadi ukurasa wa somo lao wenyewe. Nilichojibiwa ni "asante kwa maoni yako". Maoni? Kuna mtu atamaliza kozi hii, ataajiriwa kukagua njia ya bomba, na atapita mahali panapovuja akijiambia pako salama kwa kuwa hapanuki!

Nyota moja. Nitaibadilisha siku watakapoirekebisha rekodi ile na kumwomba radhi mwenzetu, tena mbele ya darasa lilelile lililosikia akichekwa.